Mkuu Anaaga kwa Spika

MKUU: Haloo? Nani mwenzangu?

MAKAMU: Haloo, Mkuu, ni mimi.

MKUU: Mimi nani? Sina miwani hapa, namba naziona kama sisimizi.

MAKAMU: Makamu wako. Shikamoo, Mkuu.

MKUU: Marahaba, baba. Umechelewa. Tulipatana saa nne.

MAKAMU: Ni saa nne na robo tu—

MKUU: Hiyo robo ndiyo kuchelewa kwenyewe. Kwani mnaniita nani mkidhani sisikii?

MAKAMU: [anacheka kidogo] Saa Moja.

MKUU: Saa Moja Kamili. Usinipunguzie cheo siku ya mwisho.

MAKAMU: Haya, Saa Moja Kamili. Umefika ofisini kwa Afisa Elimu?

MKUU: Tangu saa mbili niko kwenye benchi la nje. Mlango umefungwa. Karani anapita na chai yake, ananiambia "utaitwa, mama, utaitwa," kama nimekuja kung'olewa jino.

MAKAMU: Uko peke yako?

[Feni inasikika.]

MAKAMU: Haloo? Mkuu?

MKUU: Tuko wawili. Mimi na mama yake yule mtoto.

MAKAMU: Mama... yule fundi cherehani?

MKUU: Huyo huyo. Benchi moja. Kati yetu kuna mkoba wangu tu.

MAKAMU: Amesema nini?

MKUU: Subiri nisogee. [hatua, sauti ya feni inapungua] Haya. Niko mwisho wa korido, karibu na ndoo za mchanga. Unanisikia?

MAKAMU: Nakusikia. Amesema nini?

MKUU: Kile kile anachosema kila siku. Hatukani, halii. Ananiamkia vizuri, halafu anauliza: "Mwalimu, siku ile nani alikuwa zamu?"

MAKAMU: Ukamjibu?

MKUU: Nikamwambia atajua leo. Akasema ahsante. Hebu fikiria, Makamu. Mtoto wake wa darasa la nne amelala kitandani wiki ya saba, miguu haisikii hata ukiifinya, na yeye ananiambia ahsante.

[Mkwaruzo wa mtandao.]

MAKAMU: Mkuu... ile barua umeshaitoa?

MKUU: Bado. Nitaitoa nikiitwa. Ni mstari mmoja: "Siku ile zamu ilikuwa yangu." Basi, na saini.

MAKAMU: Na ukurasa?

MKUU: Punguza sauti, una watu.

MAKAMU: Nimetoka nje kidogo. Ukurasa uko wapi?

MKUU: Ninao mkobani. Niliuchana kwenye daftari la zamu jioni ile ile, kabla Afisa hajafika na tochi yake. Nikitoka hapa nauchoma, majivu naacha hapa hapa kwenye ndoo ya mchanga.

MAKAMU: Sijui nikushukuru vipi, mama yangu.

MKUU: Usinishukuru, utanitapisha. Kila nikiufungua naona mwandiko wako, ule wa kulala upande. "Vyumba vyote vimekaguliwa na kufungwa. Hakuna aliyebaki." Na saa umeandika: saa moja na nusu asubuhi. Watoto hata hawajapanga mstari!

MAKAMU: Sote tulikuwa tunasaini asubuhi, Mkuu. Ya kufungua na ya kufunga, kwa mkupuo mmoja. Si mimi peke yangu.

MKUU: Sote, ndiyo. Nami nilikuwa nayaona. Miaka mingapi? Nakuta daftari limejazwa mpaka jioni wakati chai haijachemka, nagonga muhuri, naendelea. Nilisema moyoni, walimu wangu wamechoka, madarasa yana watoto sabini sabini, acha wapate nafuu kidogo. Nafuu! Ndiyo hiyo sasa.

MAKAMU: Mlinzi naye angechungulia kabla ya kubana kufuli...

MKUU: Usimguse mlinzi.

MAKAMU: Nasema tu—

MKUU: Usimguse! Mlinzi kazi yake geti. Aliyemwachia funguo za stoo ya vitabu ni wewe, ukaondoka. Kama ni kutafuta wa kumbebesha, nimeshajitokeza mimi, yatosha.

MAKAMU: Samahani, Mkuu.

MKUU: Sikiliza. Mimi nina miezi minne nistaafu. Wakinifuta leo wamenipunguzia miezi minne ya kupanda ngazi na magoti haya. Wewe una miaka ishirini na tano mbele yako. Na unawajua watoto kwa majina, wote, na majina ya mama zao. Sijawahi kuona mwalimu wa namna hiyo. Ndiyo maana nakuachia ile shule. Unanielewa? Sikufichi wewe. Nawafichia watoto mwalimu wao.

MAKAMU: Nakuelewa.

MKUU: Haya. Walimu wamekaa?

MAKAMU: Wamekaa. Ripoti zimegawiwa, watoto wametawanyika, madarasa meupe. Wote wako chumba cha walimu wanakusubiri.

MKUU: Kipeuo yupo?

MAKAMU: Mwalimu wa hesabu yupo, amevaa tai.

MKUU: Kipeuo na tai! Basi kweli nakufa. Na mpishi?

MAKAMU: Naye tumemwita. Amekaa kwenye kiti kabisa.

MKUU: Vizuri. Ningekuja mwenyewe, mngenipa hata dakika tano. Lakini nimekatazwa kukanyaga uwanja wa shule mpaka uchunguzi uishe. Miaka ishirini na mbili nafungua lile geti, leo naaga kupitia simu kama tangazo la redio. Haya, washa spika.

MAKAMU: Mkuu, utasema... utasema nini hasa?

MKUU: Nitaaga. Unaogopa nini?

MAKAMU: Siogopi. Nauliza tu.

MKUU: Washa spika, Makamu. Naweza kuitwa wakati wowote.

MAKAMU: Haya. Ngoja niingie. [hatua, mlango, kiti kinalia] Nimeiweka mezani. Tayari. Walimu, Mkuu huyu hapa.

MKUU: Wananisikia?

MAKAMU: Wanakusikia vizuri sana.

MKUU: Hamjambo, walimu wangu?

[Kimya kidogo.]

MAKAMU: Wanasema hawajambo.

MKUU: Mbona siwasikii?

MAKAMU: Simu hii spika yake inachukua karibu tu. Wewe endelea, Mkuu.

MKUU: [anakohoa] Walimu wangu. Nilikuwa nimeandika hotuba, kurasa tatu. Nimeiacha nyumbani makusudi, maana nilipoisoma jana niliona ni hotuba ya mtu anayetaka apigiwe makofi. Leo sistahili makofi. Kwa hiyo nitaongea tu.

MAKAMU: Wanatikisa vichwa.

MKUU: Bi Herufi wa darasa la kwanza. Uko hapo, mwanangu? Ulikuja na viatu vya kisigino, nikasema huyu hamalizi wiki. Una mwaka wa tisa. Watoto mia sita wa mtaa ule wanasoma kwa sababu yako. Mia sita! Sijawahi kukwambia. Nilidhani ukijua utaomba uhamisho.

MAKAMU: [anacheka] Wanacheka, Mkuu.

MKUU: Mpishi. Wewe kwenye daftari la mishahara umeandikwa mwisho, lakini siku uliyougua shule nzima ilisinzia. Ahsante. Kipeuo.

MAKAMU: Yuko hapa mbele.

MKUU: Kipeuo, muhula ule chaki zilipokwisha ulifundisha hesabu za sehemu kwa mkaa, sakafuni, umepiga magoti, suruali nyeusi mpaka kiunoni. Nikapita dirishani. Ulikuwa hunioni. Nilikwenda ofisini nikajifungia, nikalia kwa furaha. Mtu asije akakwambia huna adabu kwa sababu una mdomo mkali. Mimi nimekuona ukipiga magoti.

[Mkwaruzo.]

MKUU: Anasemaje?

MAKAMU: Ameinamisha kichwa. Ameguswa.

MKUU: Mwache. Sasa jambo la mwisho, na hili naomba kalamu zikae chini. Kuna mtoto hatembei. Hatembei kwa sababu alitumwa kupanga vitabu stoo, mlango ukafungwa, na kwenye daftari la zamu iliandikwa kwamba hakuna aliyebaki. Akapanda rafu, akatokea dirisha la juu. Mnayajua hayo. Daftari lilisema uongo. Uongo mdogo, wa kila siku, tuliouzoea kama vumbi la chaki. Mimi niliugongea muhuri. Sitawaomba mnisamehe, sina uso huo.

MAKAMU: Mkuu—

MKUU: Sijamaliza. Nawaomba hivi. Kuanzia muhula ujao, anayefunga chumba asaini akiwa mlangoni, funguo mkononi. Na kabla hajasaini, aingie ndani. Ainame, atazame chini ya madawati, nyuma ya kabati. Halafu aite. Aite kwa sauti, kama mzazi anayeita mtoto aje ale. Asubiri. Asikilize. Ndipo afunge. Hilo tu. Mwalimu anayeona hilo ni usumbufu, akatafute kazi ya kuchunga mawe. Mawe hayaanguki dirishani!

[Sauti yake inakatika. Feni kwa mbali.]

MKUU: Basi. Nimewapenda. Makamu atawaongoza, mheshimuni. Kwaherini, walimu wangu.

MAKAMU: [taratibu] Wanalia, Mkuu.

MKUU: Sitaki machozi. Nataka sauti. Nisikie hata makofi, nijue niliongea na watu.

MAKAMU: Haya... Walimu, Mkuu anaomba makofi.

[Makofi.]

MKUU: Mbona kama mtu mmoja anaua mbu?

MAKAMU: Ni mtandao, Mkuu. Unakula sauti.

MKUU: Mtandao. [anacheka kidogo] Hata makofi yangu ya kuagwa mtandao umeyala.

MAKAMU: Basi, Mkuu, nisikucheleweshe, usije ukaitwa—

[Mlango unagongwa, unafunguliwa kwa kishindo.]

KIPEUO: [kwa mbali] Makamu! Kumbe umejifungia huku. Vipi, umempata Mkuu?

[Kiti kinasukumwa nyuma.]

KIPEUO: [kwa mbali] Tumekaa nusu saa tunatazamana. Umempata au hujampata?

MAKAMU: [simu imefunikwa, sauti nzito] Hapatikani. Nimejaribu mara tano.

KIPEUO: [kwa mbali] Hapokei?

MAKAMU: Amezima.

KIPEUO: [kwa mbali] Nilijua. Mtu siku ya zamu yake anaenda zake, mtoto wa watu anavunjika mgongo, leo atatuaga kwa mdomo gani? Nami mjinga nimevaa tai.

MAKAMU: Ndiyo... Aibu, nadhani.

KIPEUO: [kwa mbali] Aibu iko wapi! Angekuwa nayo angesema mwenyewe. Haya, nawaambia watu waende zao. Bi Herufi analia bure.

[Mlango unafungwa. Kiti kinalia.]

MAKAMU: Haloo? Mkuu... uko?

[Feni kwa mbali.]

MAKAMU: Mkuu?

MKUU: Nipo. Mimi napatikana.

MAKAMU: Mkuu, sikiliza, nitakueleza—

MKUU: Uko ofisini kwangu. Kiti hicho nakijua kinavyolia ukiegemea kushoto. Nilikisikia tangu mwanzo, nikasema labda wamekihamishia chumba cha walimu, wamempa mpishi.

MAKAMU: Niliogopa. Wallahi niliogopa. Nilisema ukianza kuongea mbele yao uchungu utakushika, utasema—

MKUU: Nimesema?

MAKAMU: Hapana.

MKUU: Umenisikia mwanzo hadi mwisho. Nilikutaja?

MAKAMU: Hukunitaja, Mkuu.

MKUU: Ukaniambia wanacheka. Ukaniambia Kipeuo ameinamisha kichwa. Uliyatoa wapi hayo yote, Makamu? Ulikuwa unatazama ukuta na kunisomea?

MAKAMU: Nisamehe. Narudi kwao sasa hivi, nawaambia umepiga, nawaambia kila neno—

MKUU: Nani aliwaambia zamu ilikuwa yangu?

[Kiti kinalia.]

MKUU: Barua yangu haijatoka mkobani. Afisa hajaiona. Mtu wa kwanza kuiona alipaswa kuwa yeye. Kipeuo ameyatoa wapi?

MAKAMU: Walikuwa wananiangalia vibaya. Kila nikiingia chumba cha walimu wananyamaza. Wiki ya pili nikaona... kwa vile wewe ulikuwa umeshakubali kubeba...

MKUU: Ukawaambia.

MAKAMU: Niliwaambia ulibadilishana zamu na mimi. Tu.

MKUU: Tu. Wiki tano sasa wananila nyama, na wewe umekaa hapo unawapakulia.

MAKAMU: Mama, nina watoto wadogo. Wa mwisho ana miezi minne—

MKUU: Najua. Nilimbeba siku alipozaliwa. [anavuta pumzi] Kuogopa kazi kupotea nilikuelewa, baba. Mtu yeyote anaogopa. Lakini watu kumi na tatu walikuwa wamekaa wanasubiri sauti, na wewe ukafunga mlango ukaandika hakuna mtu. Umeifanya tena. Leo. Na mimi ndiyo nilikuwa nakuachia watoto mia tisa.

MAKAMU: Usiseme hivyo—

MKUU: Nimeshasema.

[Hatua.]

MAKAMU: Unakwenda wapi? Mkuu? Nasikia unatembea.

MKUU: Narudi kwenye benchi.

MAKAMU: Usitoe ule ukurasa! Nakuomba! Nipe mpaka kesho, nije kwako tuzungumze kama mtu na mama yake—

MKUU: [karatasi inachanika] Hiyo ni barua yangu. Nitamwambia Afisa kwa mdomo: mimi niliona daftari linadanganya miaka yote nikagonga muhuri, na siku ile nikachana ukurasa. Hayo ni yangu, nayabeba, na wanifute. Yako yako kwenye ukurasa, kwa mwandiko wako. Sitaongeza neno, wala sitapunguza.

MAKAMU: Utaniua, Mkuu.

MKUU: Kuna mtu yuko hapa ana haki ya kusikia kabla ya Afisa. [feni inasikika kwa nguvu] Mama, samahani. Nikae? ... Ahsante. Lile swali lako, jibu lake liko kwenye simu hii.

MAKAMU: Mkuu, unafanya nini? Usi—

MKUU: Nimewasha spika, Makamu. Yangu inafanya kazi.

MAKAMU: [kwa kunong'ona] Nakata.

MKUU: Ukikata, ukurasa nautoa. Usipokata, ukurasa nautoa. Chagua tu kama utakuwa umesema mwenyewe.

[Mlio mfupi wa salio kupungua.]

MAMA: Mwalimu, nakusikiliza. Ni mwalimu gani huyu? Ni yule anayejua majina ya watoto wote?

MKUU: Ndiye.

MAMA: Binti yangu anakutaja sana, mwalimu. Sema, baba. Mimi sina ugomvi na mtu. Nataka kujua tu.

MAKAMU: Mama... Mama, pole.

MAMA: Nimeshapoa. Nani alikuwa zamu?

[Mkwaruzo. Feni.]

MAKAMU: Mimi.

MAMA: Wewe.

MAKAMU: Mimi, mama. Nilisaini asubuhi kwamba nimekagua. Sikukagua. Nilimwachia mlinzi funguo.

KARANI: [kwa mbali] Mama Mwalimu Mkuu! Ingia sasa.

MKUU: Nakuja. Ukurasa huu hapa. Simu mshikie tu, mama, nitaikuta.

[Hatua. Mlango unafunguliwa, unafungwa.]

MAMA: Na wakati huo wewe ulikuwa wapi, baba?

MAKAMU: Nyumbani. Nilikuwa nimeshafika nyumbani.

MAMA: Ukifanya nini?

MAKAMU: Nilikula... Nikalala kidogo.

MAMA: Saa ngapi?

MAKAMU: Saa nane. Saa nane na nusu hivi.

[Mlio wa salio, mara ya pili.]

MAKAMU: Mama? Haloo? Salio linakwisha, mama, sema chochote, nitukane—

MAMA: Aliniambia alikuwa anakuita wewe. Kwa jina lako. Mpaka saa kumi na moja.

[Simu inakatika.]